Bedford Park: Kitongoji Kilichookolewa na Majirani



Mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa magharibi wa jiji la London, nyumba moja kubwa ya matofali mekundu ilibomolewa. Iliitwa The Bramptons, nayo ilikuwa katika barabara ya Bedford Road, ndani ya kitongoji cha Bedford Park. Wenye mamlaka wa mji walitaka kiwanja chake kwa ajili ya makao ya wazee. Nani angethubutu kuwapinga? Nyumba ilikuwa imechakaa, na wazee walihitaji mahali pa kulala. Hata hivyo majirani kadhaa walisikitika, wakakutana, na katika mwaka 1963 wakaunda chama cha kukilinda kitongoji chao. Kwa sababu ya masikitiko yale, leo tunaweza kutembea katika mitaa ile na kuona jinsi watu wa zama za Malkia Victoria walivyoota ndoto ya makao mema.

Habari za kitongoji hiki zina mafundisho, kwa kuwa swali lililoulizwa pale Bedford Road huulizwa kila mahali watu wanapoishi: kipi kibaki na kipi kiondoke? Na anayeamua hayo anaamua kwa faida ya nani? Ili tulijibu vema, yatupasa kwanza kujua kile kilichotaka kupotea.

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Katika karne hiyo London ilikua kupita miji yote ya Ulaya. Mwaka 1801 wakazi wake walikuwa kama milioni moja. Mwaka 1901, pamoja na vitongoji vyake, walizidi milioni sita. Moshi wa makaa ya mawe ulijaza hewa, na maskini walisongamana katika vyumba visivyo na mwanga. Wenye mapato ya kadiri, kama makarani, waalimu, waandishi na wachoraji, waliishi katika safu ndefu za nyumba zilizofanana kama mayai, zenye kuta zilizopakwa chokaa ya rangi ya kijivu na jiko lililofichwa chini ya ardhi.

Kilichobadili mambo ni reli. Tarehe 1 Januari 1869 kituo cha Turnham Green kilifunguliwa katika eneo ambalo bado lilikuwa la mashamba na bustani za matunda. Mtu aliyefanya kazi katikati ya jiji sasa aliweza kulala penye miti na kuwahi kazini asubuhi. Ndivyo vitongoji vingi vya London vilivyozaliwa: kwanza kituo cha treni, kisha wauza viwanja, kisha nyumba zilizojengwa haraka haraka.

Jonathan Carr, mfanyabiashara wa nguo aliyependa sanaa, aliiona nafasi hiyo. Mwaka 1875 alianza kujenga katika eka 24 za ardhi karibu na kituo kile, ardhi iliyotoka kwa baba mkwe wake. Hapo palikuwa na nyumba ya zamani iitwayo Bedford House, ambamo mtaalamu mashuhuri wa mimea, John Lindley, aliwahi kuishi. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa na miti mizuri iliyokwisha kukomaa. Wajenzi wengi wa wakati ule wangeikata yote ili barabara zinyooke na hesabu ya viwanja iongezeke. Carr hakufanya hivyo. Barabara zilipindishwa kufuata miti iliyokuwapo, na nyumba zikawekwa kati ya vivuli. Basi mgeni aliyefika aliona mahali panapofanana na kijiji cha zamani, ingawa chokaa ya ukutani ilikuwa bado haijakauka.

Msanifu majengo wa kwanza aliyejulikana sana katika kazi hii alikuwa Edward William Godwin. Michoro yake ilipotangazwa katika magazeti ya ujenzi, wenzake waliikosoa wakisema vyumba ni vidogo na ngazi ni nyembamba. Mwaka 1877 Carr akamwendea Richard Norman Shaw, mmoja wa wasanifu walioheshimiwa kuliko wote katika nchi ile. Shaw alichora aina kadhaa za nyumba, na wajenzi wakazirudia kwa kubadili hapa dirisha, pale baraza, hata jirani asione nyumba yake ikiwa pacha kamili wa nyumba ya mwenzake. Tangu mwaka 1880 kazi iliendelezwa na Edward John May, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Mtindo waliofuata uliitwa mtindo wa Malkia Anne, kwa jina la malkia wa mwanzo wa karne ya 18. Kwa kweli ulikuwa mchanganyiko wa mambo mengi ya kale: matofali mekundu yasiyofichwa kwa chokaa, vigae vya udongo juu ya paa na hata ukutani, madirisha yenye vioo vidogo vidogo na fremu nyeupe, mabomba marefu ya moshi, na uzio wa mbao mbele ya bustani. Jambo moja dogo lapaswa kuangaliwa zaidi. Nyumba hizi hazikuwa na orofa ya chini ya ardhi. Jiko lilipanda juu, likawa kwenye usawa wa bustani, penye mwanga na hewa. Mpishi na mtumishi, ambao katika nyumba nyingi za London walishinda mchana kutwa kama watu wa shimoni, hapa waliona jua. Hatusemi kwamba ubaguzi wa matabaka uliondoka. Watumishi walibaki watumishi. Ila msanifu anapoamua mahali pa jiko, anaamua pia jinsi mwenzake atakavyoishi.

Carr alijua kwamba nyumba peke yake hazifanyi kijiji. Mwaka 1879 ulifunguliwa ukumbi wa chama cha wakazi, ambamo wanaume na wanawake pia walikubaliwa, walicheza michezo ya kuigiza na kujadiliana habari za dunia. Karibu na kituo cha treni Shaw alichora duka la mahitaji na nyumba ya wageni iitwayo Tabard, iliyofunguliwa 1880, ikipambwa kwa vigae vya wasanii William De Morgan na Walter Crane. Mwaka 1881 ikafuata shule ya sanaa. Na mbele ya duka, ng'ambo ya barabara, likainuka kanisa.

Kanisa hilo la Kianglikana la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote liliwekwa wakfu mwaka 1880. Shaw ndiye aliyelichora. Nje limeunganisha matofali mekundu na mbao nyeupe kama nyumba zinazolizunguka, hata laonekana kuwa ndugu yao mkubwa. Ndani mbao zake zimepakwa rangi ya kijani. Lakini amani haikuwapo tangu mwanzo. Ibada zake zilikuwa na mapambo na taratibu zilizowakumbusha watu Misa ya Kikatoliki, na wapo waliopiga kelele magazetini kwamba huo ulikuwa Upapa ulioingizwa kwa mlango wa nyuma. Tukumbuke kwamba ngazi ya maaskofu Wakatoliki ilirudishwa Uingereza mwaka 1850 tu, na chuki ya zamani haikuwa imezimika. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1874 ili kuzuia taratibu za namna hiyo katika Kanisa la Kianglikana, na kwa sababu yake mapadre kadhaa wa Kianglikana walitiwa gerezani. Kumbe kijiji kilichotangazwa kuwa makao ya utulivu kilibeba ndani yake ugomvi wa taifa zima.

Waliokuja kuishi huko walikuwa watu wa namna nyingi. Familia ya mchoraji John Butler Yeats, kutoka Ireland, ilikaa Bedford Park kwa vipindi viwili. Mwanawe, William Butler Yeats, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 1923, alikuwa kijana alipoandika humo, mwaka 1888, shairi lake linalojulikana kuliko yote, juu ya kisiwa kidogo cha Innisfree katika ziwa la nchi yao. Hapo kuna la kutafakari. Kijana huyu aliishi katika kitongoji kilichosifiwa kwa miti na utulivu, na bado moyo wake ulilia kwa ajili ya ziwa la nyumbani. Bustani nzuri ya ugenini haifuti hamu ya kwao mtu.

Huko huko aliishi Sergei Stepniak, Mrusi aliyekimbia nchi yake. Mwaka 1878, katika mji wa St Petersburg, alikuwa amemchoma kisu na kumwua mkuu wa polisi wa siri wa mfalme. London alikuwa mwandishi mpole mwenye marafiki wengi. Mwezi Desemba 1895, alipokuwa akivuka reli karibu na nyumbani kwake, aligongwa na treni akafa. Reli ilikizaa kitongoji, na reli pia ilimwondoa mmoja wa wakazi wake. Mwaka 1897 mchoraji Mfaransa Camille Pissarro alikuja kumtembelea mwanawe Lucien, akaichora mitaa na bustani za Bedford Park; ndiyo sababu leo tunaweza kuona kwa macho ya mgeni jinsi kitongoji kilivyokuwa kikichanua.

Kwa wasomaji Wakatoliki, jina moja lina uzito wa pekee: Gilbert Keith Chesterton. Kijana huyu alifika Bedford Park mwaka 1896 kama mgeni katika nyumba ya familia ya Blogg, akampenda binti yao Frances. Walifunga ndoa mwaka 1901. Katika hadithi yake ya 1908, iitwayo The Man Who Was Thursday, alikitumia kitongoji hiki kama mfano, akakibadili jina kuwa Saffron Park. Alikicheka na kukipenda kwa wakati mmoja: aliona kwamba watu wake walijitia usanii kupita kazi waliyoifanya, lakini hakukana kwamba mahali penyewe palikuwa pa kupendeza. Mwaka 1922 Chesterton alipokelewa katika Kanisa Katoliki huko Beaconsfield na Padre John O'Connor, yule aliyekuwa kielelezo cha Father Brown wa hadithi zake. Mji ule haukuwa bado na kanisa Katoliki. Tendo hilo kubwa lilifanyika katika chumba cha kawaida cha hoteli kilichotumika kama kanisa. Mtu aliyeoa binti wa kitongoji kizuri kuliko vyote alipata tunu aliyoitafuta chini ya paa duni. Hilo halishushi thamani ya nyumba nzuri. Linaiweka tu mahali pake.

Turudi kwa Carr. Ndoto yake ilikuwa pia biashara, na biashara ina hesabu zake. Mwaka 1881 aliunda kampuni ya hisa ili apate fedha zaidi. Mwaka 1886 kampuni hiyo ikaanguka. Viwanja vilivyosalia vikaenda kwa wajenzi wengine, ambao hawakufuata michoro ya Shaw. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuota. Hermann Muthesius, Mjerumani aliyetumwa na serikali yake kuchunguza ujenzi wa Waingereza, alitoa kitabu kikubwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani yake aliihesabu Bedford Park kuwa mwanzo wa nyumba ndogo ya kisasa. Mwaka 1903 ulianza mji wa bustani wa Letchworth, kwa mawazo ya Ebenezer Howard. Mwaka 1907 Henrietta Barnett alianzisha kitongoji cha Hampstead, akikusudia matajiri na maskini waishi jirani. Kile ambacho Carr aliwauzia wenye mapato ya kadiri, wengine walitaka kiwe haki ya watu wote.

Bedford Park yenyewe ilianza kuzeeka. Mtindo wa matofali mekundu ulionekana kuwa wa bibi na babu. Tower House, nyumba ambayo Shaw alimjengea Carr mwenyewe, ilibomolewa katika miaka ya 1930 na mahali pake pakawekwa jengo la ghorofa. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilileta mabomu, na shule ya sanaa ikaharibiwa. Baada ya vita, familia zenye watumishi hazikuwapo tena. Nyumba kubwa ziligawanywa vyumba vyumba na kupangishwa. Wenye nyumba waliopokea kodi ndogo hawakuona sababu ya kutengeneza paa. Vigae vilidondoka, rangi ikabanduka, na uzio wa mbao ukageuka kuni.

Hapo ndipo tunapoifikia tena The Bramptons. Waliosimama mbele katika kuunda chama cha 1963 walikuwa Harry Taylor na Tom Greeves, mkazi wa pale aliyekuwa msanifu majengo. Mshairi John Betjeman, mtetezi mkubwa wa majengo ya zama za Victoria, alikubali kuwa mlezi wao. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kazi ya subira: kupita nyumba kwa nyumba, kuandika ipi ni ya nani, ilichorwa lini, na ina nini cha kuhifadhiwa. Wakati ule wakuu wengi waliyaona majengo ya Victoria kuwa takataka. Katika mwaka 1961 hata lango kuu la kituo cha treni cha Euston, hapo hapo London, lilikuwa limeanza kubomolewa ingawa watu wengi walilia.

Mwaka 1967 serikali iliziingiza nyumba 356 za Bedford Park katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria, kwa mara moja. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu mitaa mizima kulindwa kama eneo la hifadhi. Tangu hapo mwenye nyumba hawezi kubomoa, wala kubadili dirisha au paa kwa namna inayoharibu sura ya nyumba, bila kibali. Mwaka 1967 ndio pia ilipoanza sikukuu ya kila mwaka ya kitongoji, ambayo huwakusanya majirani kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa lile la Mtakatifu Mikaeli. Kanisa lililoanza kwa ugomvi limekuwa mahali pa kukutania.

Je, walishinda? Ndiyo, tena kwa heshima. Hawakuchoma kitu, hawakumtukana mtu. Walijua vema kile walichokitetea, wakakieleza kwa ushahidi hadi mamlaka yakasikia. Lakini ushindi wao una upande wa pili, na haki yadai tuutaje. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya waalimu na wachoraji wasio matajiri leo huuzwa kwa mamilioni ya pauni. Mchoraji maskini kama mzee Yeats, aliyekuwa na madeni daima, hangeweza kupanga hata chumba kimoja pale. Wale wapangaji wa miaka ya 1950 waliondoka kidogo kidogo kadiri rangi mpya ilivyopakwa. Sheria ililinda matofali, vigae na miti, haikumlinda mpangaji.

Na wale wazee waliohitaji makao? Hao ndio wanaotuzuia kujibu kwa haraka. Tukisema kwamba nyumba nzuri ni bora kuliko kitanda cha mzee, tumekosa utu. Tukisema kwamba uzuri ni anasa ya wenye nacho, tumesahau kwamba mzee naye ana macho, na kwamba makao mabaya yaliyojengwa kwa jina lake ni dharau kwake. Kosa lililofanyika pale Bedford Road halikuwa kuwajengea wazee. Lilikuwa kudhani kwamba hakuna njia nyingine ila kuvunja, na kutowauliza majirani kabla ya nyundo kuinuliwa. Wazee na majirani walipatanishwa vibaya na watu ambao hawakuwa wa upande wowote.

Mila na desturi zetu zinasema kwamba anayerithi shamba harithi mavuno tu. Anarithi pia mipaka, miti na deni la wale waliolima kabla yake. Wakazi wa Bedford Park walirithi miti ya Lindley, michoro ya Shaw na ndoto ya Carr, pamoja na madeni yake. Waliitunza miti na michoro. Sehemu ya ndoto iliyosema kwamba mtu asiye tajiri naye anastahili jiko lenye jua na dirisha lenye kuona mti, hiyo imebaki bila mrithi katika mitaa ile, ikingoja watu wa mahali pengine waichukue.

Wapendwa, tunapokutana katika vikundi vyetu, tutazame mitaa tunayoishi. Iko miti iliyopandwa na watu tusiowajua, na majengo yaliyoinuliwa kwa mikono ya babu zetu. Nani ameandika habari zao? Nani ataulizwa siku nyundo itakapoinuliwa? Na tukifaulu kukitunza kile kilicho kizuri, je, mjane na mpangaji watakuwa bado jirani zetu?